Kioo Nilikifunika, Sanduku Nikaliacha

Aliyemuua mama yangu mara ya kwanza ni jirani yetu. Mara ya pili ni mimi, mchana kweupe, dukani, mbele ya fundi, na nilisema tafadhali.

Nitawataja wote waliohusika. Majina sitayaandika. Yako kwenye madaftari ya gacaca, mahakama zetu za kilimani, na mwenye kuyataka aende akayasome. Hapa nitamtaja kila mtu kwa kazi aliyoifanya. Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini kazi ya mtu najua kuisoma.

Miaka ile nilikuwa nafagia sekretaria moja pale Kamembe, duka la kuchapisha barua, kupiga fotokopi na picha ndogo za kitambulisho. Mwenye duka tulimwita patron. Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa zamani, akarudi Rwanda baada ya sisi kufa, akafungua duka. Alikuwa na kompyuta moja, sisi tukiiita mashine tu: juu kioo kikubwa kama televisheni, chini sanduku la bati ambalo zamani lilikuwa jeupe. Alinifundisha kuiwasha, kufungua barua, na kulaza picha ya karatasi kwenye skana ili ipande kwenye kioo. Alisema hivyo, "ipande kwenye kioo." Nami nilimsadiki.

Nyumba yetu ya Giheke ilichomwa. Watu wanafikiri moto unakula mabati na magunia ya maharage. Moto unakula sura. Ilipofika karibu mwaka wa nane tangu moto ule, sura ya mama ilianza kunitoka. Sauti nilikuwa nayo. Namna alivyokohoa kidogo kabla ya kunigombeza, nilikuwa nayo. Lakini nikifumba macho nimtazame, nilikuwa naona kitambaa cha kichwa, na chini yake ukungu.

Nikakumbuka kwamba kuna picha moja ambayo haikuungua, kwa sababu ilikuwa nyumbani kwa waliochoma.

Ilikuwa picha ya harusi ya jirani. Bwana harusi alikuwa kijana aliyebebwa na mama yangu mgongoni wakati mama yake mzazi alipolazwa hospitali. Kwa hiyo siku ya harusi yake walimheshimu: maharusi na vijana wakasimama nyuma, wazee wakakalishwa mbele, na mama yangu akapewa kiti chenye mgongo mrefu kilichoazimwa parokiani. Bwana harusi akasimama nyuma ya kiti hicho, mkono juu yake. Kwetu mtu mzima hasimami kwenye picha watoto wakiwa wamekaa. Anapewa kiti. Kumbukeni hicho kiti.

Bwana harusi huyo ndiye aliyekuja na wenzake. Alisema amekuja kusafisha. Ndivyo walivyokuwa wakisema kwenye kilima chetu: leo tunasafisha huku, kesho kule. Na bibi harusi ndiye aliyenyoosha kidole kuelekea migomba nyuma ya zizi la mbuzi, mahali mama alipokuwa amejificha. Hakuna aliyemuuliza. Mimi nilikuwa ndani ya mfereji wa mpunga kule Bugarama, maji mpaka kidevuni, haya nimeyapata kwa walioyaona. Baadaye wakakimbilia Kongo wote wawili, na albamu yao wakaishona ndani ya godoro. Mama yangu alivuka mpaka akakaa kambini pamoja na waliomuua, na makambi yalipovunjwa akarudi nao. Yeye wa picha. Yule mwenyewe yuko kilimani, hawajasema wapi.

Nilienda kwa yule mwanamke siku moja baada ya misa. Mume alikuwa gerezani. Alikuwa anachambua maharage mlangoni.

"Karibu, dada," akasema. Dada!

"Nataka picha ya harusi yako."

"Wewe? Harusi yangu?" Akacheka, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Unataka kuona nilivyokuwa muzuri?"

"Nataka mama."

Akayaacha maharage. Kisha akaingia ndani, akatoka nayo imefungwa kwenye gazeti. "Siku mbili tu. Na usiikunje. Mume wangu hana sura nyingine duniani ila hiyo."

Nilitaka kumwambia kwamba mama naye hana nyingine, na kwa kazi ya nani. Nikameza. Nikapeleka picha dukani, nikailaza kwenye skana, ikapanda kwenye kioo, nikarudisha karatasi siku ya pili bila mkunjo. Mpaka leo najuta kwa ule uaminifu.

Sasa sikilizeni ujinga wangu, maana na mimi nimo kwenye orodha. Ile picha ilikaa ndani ya mashine miezi, na sikuwahi kumwangalia mama sawasawa. Kila nilipoifungua, kilichotangulia ni yule mwanaume, tai yake, meno yake, mkono wake juu ya kiti. Nikawa nafunga haraka. Nilisema moyoni, siku patron akipata nafasi nitamwomba amkate huyu, mama abaki peke yake, nimtazame kwa raha. Nikangoja hiyo raha. Nilimwogopa yule, nikamkosa mama.

Mashine ikaanza kuugua. Ulikuwa unabonyeza herufi, unamenya kiazi, ndipo herufi inatokea. Ikawa inazimika katikati ya barua za watu. Mara kioo kinageuka buluu na maandishi meupe ambayo hakuna aliyeyaelewa, mara kinasimama kimya kama mbuzi aliyegoma njiani. Patron aliipiga kofi ubavuni, kofi likasaidia wiki moja. Tukabadilisha waya. Tukaihamisha dirishani ipate upepo, ikapata vumbi. Siku patron alipokwenda Kigali kwa msiba alimwita fundi kutoka Bukavu, akaniachia maneno: "Umusikilize fundi. Atakachosema, ukubali."

Fundi alikuwa mwanaume mnene, suruali yenye mstari wa pasi, bisibisi zimepangwa mfukoni pa shati kama kalamu za mwalimu. Akafungua sanduku. Ndani vumbi la barabara limejaa kama unga kinuni, na mjusi mkavu amebanwa kwenye feni.

"Maman," akasema, "hii si mashini, hii ni kaburi ya minjusi."

Nikacheka. Alipuliza, akapangusa. Akachomoa kijiti chembamba chenye meno ya dhahabu, akakisugua kwa kifutio cha watoto wa shule mpaka meno yakang'aa, akakirudisha. Mashine ikaenda vizuri saa nzima, kisha ikafa tena. Akaweka sikio kwenye bati kama daktari, akatikisa kichwa.

"Iko na virusi mingi. Lazima niisafishe. Nitabeba sanduku peke yake Bukavu, kioo kitabaki, kule niko na kioo ingine. Mu ndani hakuna kitu ya maana?"

"Barua za watu tu. Patron anazo kwenye CD."

"Basi nisafishe yote?"

Mimi ni mfagiaji. Kusafisha ndiyo kazi yangu, na mtu akisema neno hilo dukani naona kitambaa na ndoo ya maji. Na nilikuwa nimeliona vumbi kwa macho yangu, nikadhani anasema lile vumbi lililobaki. Ningekumbuka wapi nilikuwa nimelisikia neno hilo zamani, ningekaa juu ya lile sanduku na kupiga kelele. Sikukumbuka.

"Safisha yote, Papa," nikasema. "Tafadhali. Ila kioo usikiguse."

"Kioo haina shida, Maman."

Akalitia sanduku kwenye gunia la mchele, akalifunga kwenye pikipiki, akashuka kuelekea daraja la mpakani. Mimi nikavua kitenge changu cha pili nikakifunika kioo, pande zote nne, nikafunga fundo nyuma. Siku mbili sikumruhusu mteja hata mmoja kukiegemea. Nilikuwa nakaa karibu nacho nikila chakula changu cha mchana. Mwanamke mmoja aliniuliza kama humo ndani kuna kuku anayeatamia. Nikamwambia yuko mama yangu, akaenda zake.

Fundi alirudi siku ya tatu. Akaunganisha, akawasha. Ikaamka mara moja, nyepesi kama mtoto aliyekunywa dawa ya minyoo. Nilifurahi. Nikafungua kitenge mwenyewe, nikashika ile panya ya mkononi, nikaenda mahali pa mama. Hakuna mahali.

"Papa, picha ziko wapi?"

"Picha gani?"

"Zilizo kwenye kioo."

Akaniangalia, akaangalia kitenge mkononi mwangu. Nafikiri hapo ndipo alipoelewa kabla yangu. "Maman, kwenye kioo hakukaaka kitu. Kioo ni dirisha tu. Vyote vinakaa mu sanduku. Na wewe ulisema yote."

Ni kweli, nilisema. Lakini namtaja fundi pia, nitasema kwa nini. Aliniuliza swali la mwenye mali, na aliona nimeshika ufagio. Mtu anayetaka jibu la kweli angengoja patron arudi. Yeye alitaka jibu la haraka, na jibu la haraka ukimuuliza maskini ni ndiyo.

Nililia mpaka akaona haya. Akachuchumaa mbele yangu, mwanaume mnene vile, akanieleza taratibu. Alisema kusafisha mashine si kumwaga vitu nje. Ni kung'oa mlango na namba ya nyumba. Vitu viko bado ndani, ila nyumba imeandikwa kwamba ni tupu, na mpangaji mpya akija atalala juu ya vitu vya zamani. "Kwa hiyo usiiwashe. Usiandike hata barua moja. Niko na CD ya kutafutia vitu nyumbani. Kesho asubuhi nitakuya nayo."

Kesho yake asubuhi mabomu yalilia Bukavu. Tuliyasikia Kamembe kama mtu anayeburuta makabati chumba cha juu. Mpaka ukafungwa.

Jumapili nilipanda Giheke kuomba karatasi tena. Yule mwanamke hakunikaribisha.

"Nilichoma," akasema. "Albamu yote. Wale wa gacaca walianza kuzunguka wakiuliza nani alikuwa rafiki ya nani, nikaogopa. Nilichoma hata picha za ubatizo."

"Na mama yangu?"

"Si unaye kwenye mashine yako? Unataka awe wangapi?"

Sikumwambia kilichotokea. Nilishuka kilima nikiwa nimeshika mdomo kwa mkono, maana nilitaka kumng'ata mtu yeyote nitakayekutana naye.

Patron alirudi kutoka Kigali. Nilimweleza kila kitu, na wateja watatu wakisikia. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Maman! Yaani uliosha sufuria na mboga ndani!"

Wateja wakacheka. Mimi nikaenda kusimama mbele ya soketi, mgongo ukutani.

"Fundi amesema tusiiwashe mpaka arudi."

"Arudi kutoka wapi? Husikii kule? Ondoka hapo."

"Kila barua inalala juu ya mama yangu."

"Mama yako alikufa zamani," akasema, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Barua ni za batu walio hai. Ondoka, au nitafute mwingine wa kufagia."

Nikaondoka. Nilihitaji ile kazi. Namtaja patron: huyo alijua anachofanya, akabonyeza.

Mapigano yakaisha, lakini mpaka ukafunguliwa na kufungwa, na fundi hakuonekana. Wiki tatu. Na barua zenyewe zilikuwa za nani? Nyingi zilikuwa za familia za wafungwa. Kuomba msamaha, kuomba dawa, kuomba aachiwe kwa sababu ni mzee, kuomba ahamishiwe gereza la karibu. Nilifagia chini ya miguu yao nikisikia kishindo cha herufi, tak tak tak, na kila tak nilihesabu kwamba ni unywele, ni sikio. Sikujua kama ndivyo inavyokwenda. Hakuna aliyeniambia sivyo.

Siku moja akaingia yule bibi harusi. Amevaa nguo nyeusi. Mume alikuwa amekufa gerezani, tumbo, na alitaka barua ya kuomba mwili ili azike kilimani. Nilisimama na ufagio wangu. Mama yangu hakuna aliyeandika barua ya kuomba mwili wake, maana hawajasema walipouweka, na mume wa huyu, aliyekuwa anapajua, amekufa na siri hiyo.

Patron akapiga kurasa mbili. Mwanamke akageuka kwangu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Dada, ile picha. Nataka mumtoe mume wangu peke yake, niweke juu ya sanduku lake la kuzikia."

"Mashine ni mgonjwa," nikasema.

"Mbona inaandika?"

"Inaandika tu. Haioni."

Akazika bila picha. Nilisikia kwamba kwenye mazishi aliweka msalaba mtupu, na nilifurahi. Naandika kama ilivyokuwa.

Fundi alikuja wiki ya nne. Nilimpita mlangoni bila kumtambua, alikuwa amekonda, suruali haina tena mstari. Nyumba yake iliporwa hata masufuria. Ile CD aliiokoa kwa sababu mke wake aliificha katikati ya Biblia, wanajeshi hawakufungua Biblia. Alipojua kwamba mashine imekuwa ikifanya kazi wiki zote hizo hakumlaumu patron, aliniangalia tu, akasema, "Tujaribu."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, duka limefungwa kwa wateja kwa sababu fotokopi ilikuwa imegoma. Aliiacha mashine itafute. Ikatafuta mpaka saa nane mchana. Ikaanza kutoa picha zisizo na majina, namba tupu, na tukawa tunafungua moja moja. Sura za vitambulisho, mamia: wafanyabiashara wa samaki, mashemasi, wanafunzi, watu wa Nyakabuye wenye kola za kuazima. Nyingine zimepasuka rangi, jicho la mmoja kwenye shavu la mwingine. Patron aliacha kucheka. Alivuta kiti.

Kisha ikaja yetu.

Mashine nzee huchora picha kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, kama mtu anayekunjua mkeka taratibu. Kwanza zikatoka mbingu za siku ile. Majani ya mgomba. Kisha nywele za waliosimama, vipaji vya nyuso, macho. Bwana harusi akatoka mzima, meno yote, tai yake. Bibi harusi akatoka mzima, na kweli alikuwa mzuri. Mabega yao yakatoka. Ule mkono ukatoka, ukishuka kwenye mgongo wa kiti. Chini ya mkono kikaanza kutokea kitambaa cha kichwa cha mama, cha maua ya njano ambayo nilikuwa nimeyasahau kabisa, mkunjo wa kwanza, mkunjo wa pili, ukingo, na chini ya ukingo ngozi ya kipaji, upana wa vidole viwili.

Hapo ikasimama. Kuanzia hapo kwenda chini ni kijivu kitupu.

"Ngoja imalize," nikasema.

"Maman, imemaliza."

"Ngoja."

Tulingoja. Fundi aliifunga na kuifungua mara tano, akijua. Akaniambia kwamba sehemu ya chini imelaliwa na kitu kingine, labda barua, labda ukurasa mmoja au kurasa mbili. Patron aliinuka akaenda kusimama mlangoni akitazama barabara.

Waliosimama wamepona. Waliopewa kiti kwa heshima wamekwenda. Wazee wote wa mstari wa mbele, hakuna hata pua moja.

Yule mwanamke alikuja tena wiki ile ile, amesikia kwamba fundi amefufua picha. Kamembe ni ndogo. Alileta kikapu cha maharage na kukiweka chini karibu na miguu yangu. Nilikuwa nje, nakunywa chai kwenye ngazi.

"Dada. Amepatikana?"

Alikuwa anauliza habari za mume wake.

"Niambie kwanza," nikasema. "Wewe uliishi na ile picha miaka yote. Mama yangu alikuwa anacheka, au alikuwa amefunga mdomo? Macho yake yaliangalia wapi?"

Akafikiri. Nakiri kwamba alifikiri kweli, alikunja uso, midomo ikacheza. Kisha akatikisa kichwa.

"Sikuwa namwangalia yeye."

Maneno hayo ningeyasema hata mimi. Ndiyo maana sikumsamehe.

"Mume wako hayupo," nikamwambia. "Tumesafisha."

Alielewa neno. Nilitaka alielewe na alilielewa, niliona linavyoingia. Alikaa chini palepale kwenye vumbi la barabara akalia kwa sauti, mwanamke mzima, akisema sasa watoto watasema baba yao alikuwa na sura gani. Wapita njia walisimama. Mimi nilimaliza chai yangu. Kikapu chake nilikirudisha mapajani mwake.

Nilimdanganya. Picha iko. Fundi aliichoma kwenye CD mbili, na patron akanitolea kwenye karatasi bila kusema kitu. Nilichukua mkasi nimkate yule mwanaume, nimtupe chooni, nibaki na kile kidogo changu. Sikuweza. Vidole vyake vinne vinaning'inia kutoka kwenye mgongo wa kiti na kulala juu ya kitambaa, juu ya maua ya njano. Nikivikata vidole, nakata mama. Nimeupitisha mkasi kila upande, kwa karibu, kwa mbali. Haupiti.

Kwa hiyo nimewakata wengine wote, na kimebaki kipande cha ukubwa wa kiberiti: kitambaa, kipaji cha vidole viwili, na vidole vinne vya yule. Ninacho ndani ya kitabu cha nyimbo. Nikikifungua siku hizi sikifungi tena haraka. Namtazama mama mpaka pale anapoishia.